Mpishi Ndiye Anayekunywa Kwanza

Pale Izia, pembezoni mwa Sumbawanga, ambako nyumba zinaisha na mashamba ya mahindi yanaanza, hakuna aliyekunywa pombe ya Cornelia kabla Cornelia hajainywa mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria, wala si ya serikali. Mpishi anachota kikombe cha kwanza, anakigugumia mbele za watu mpaka kitako kinaonekana, anafuta mdomo kwa kiganja, ndipo wengine wanapokea. Ukionja ukatema, umejitangaza mchawi. Wafipa tunapendana sana, ila kwenye pombe kila mtu anataka kuona kwanza kama aliyepika bado anapumua.

Mama yake Cornelia naye alikuwa mpishi wa pombe. Alikufa akitapika damu, na ukoo ukamtafuta aliyemroga mpaka ukachoka. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kumuunguza Cornelia, pale chini ya chembe cha moyo, akiwa na njaa linauma, akilala linauma, hakumwambia mtu. Alinunua maziwa kwa Limbu, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake.

"Maziwa yanazima moto, Mama Rhoda," Limbu alimwambia.

Yaliuzima kwa muda wa kusonga ugali, kisha moto ukarudi na ndugu zake.

Alipopata choo cheusi kama lami, mumewe Wilibrodi akampandisha basi la Mbeya, kwenye hospitali kubwa. Huyu Wilibrodi alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka mashambani, ghala likafungwa, naye akarudishwa nyumbani kama kabati. Tangu hapo pombe ya Cornelia ndiyo iliyolisha nyumba. Kazi ya Wilibrodi ilikuwa kuisifu.

Huko Mbeya walimmezesha mpira mwembamba wenye taa, wakakiona kidonda. Wakampa vidonge vya kuua vijidudu na vya kupunguza asidi, na neno moja: pombe basi. Cornelia akameza vidonge. Maumivu yakaisha hata kabla vidonge havijaisha. Naye, kama mtu yeyote mwenye akili zake, akasema nimepona. Pombe ilipoiva akanywa kikombe chake cha kwanza. Iliyofuata akanywa tena. Choo cheusi kikarudi.

Safari ya pili alimkuta daktari kijana, Obed, ambaye hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu. Nakufa kama mama yangu?"

"Nani kakwambia unakufa?"

"Si nimerithi tumbo lake!"

"Huenda umelirithi. Lakini umerithi na mafundi wa kulitengeneza." Obed akainua mkono wake mwenyewe, akashika ngozi yake. "Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina maagizo yote uliyopewa na baba na mama. Tunayaita jeni. Hata agizo la kuotesha kucha limo tumboni."

"Sina kucha tumboni, daktari."

"Huna, kwa sababu huko agizo hilo limelala. Chembe inaamsha yale inayoyahitaji tu. Sasa kidonda kikiingia, chembe za ukingoni zinaamsha maagizo ya kutengeneza: ziongezeke, zisogee zizibe shimo, ziite mishipa mipya ya damu. Dawa haizibi kitu, mama. Dawa inafukuza wadudu na kutuliza asidi, ili mafundi wafanye kazi yao."

Cornelia alikuwa na darasa la saba tu, lakini jambo hilo alishaliona, tena chini ya gunia jikoni kwake.

"Hicho ni kimea," akasema.

"Kimea?"

"Ulezi mkavu ukiutazama umelala kama mchanga. Chipukizi limo humo humo, ila halitoki mpaka uuloweke, uufunike, uuache. Ukiuanika juani chipukizi likiwa changa, umekwisha. Huna kimea, una uchafu."

Obed akacheka. "Basi kikombe chako cha kwanza ndilo hilo jua. Kila ngozi changa ikitaka kufunika, unaimwagia."

"Mbona maumivu yaliisha?"

"Maumivu yana haraka ya kuondoka. Kidonda hakina haraka ya kufunga."

Hapo ndipo ilipomwingia. Kukatazwa na daktari hakukumtisha, maana watu wanakatazwa mengi na wanazeeka. Lakini kuharibu kimea kwa haraka yake mwenyewe, hiyo ilikuwa aibu ambayo Cornelia hakuwahi kuifanya tangu ashike mwiko.

Basi akarudi Izia na vidonge vipya na tatizo la zamani. Asipokunywa, wateja hawanywi. Wateja wasipokunywa, jiko linalala. Akinywa, anamfuata mama yake.

Alijaribu njia ya mkato. Pombe ilipoiva, akachota kikombe akampa Limbu, akasema wazi kwamba yeye ana vidonda vya tumbo, hospitali wamemkataza, Limbu atakunywa kwa niaba yake. Watu wakatazamana. Flavian, fundi baiskeli wa mtaa wa Chanji, mwenye mdomo usio na breki, akasimama.

"Shemeji, huyu Limbu ameishi na ng'ombe mpaka ana matumbo manne kama wao. Sumu itapotelea la tatu!"

"Kwa hiyo unaniita mimi mchawi, Flavian?"

"Sikuiti. Nasema aliyepika ndiye anywe. Wewe ndiye uliyepika."

Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya mchango. Pombe ikachacha mpaka ikawa siki.

Jioni Cornelia alimkuta Wilibrodi kibarazani.

"Baba Rhoda, aliyepika ndiye anayekunywa, sivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na kunywa unajua."

"Hilo sikatai."

"Basi umebakiza kupika."

Wilibrodi aliruka kama aliyekalia siafu. "Mimi? Mwanamume mzima nikoroge pipa, Izia nzima inanitazama?"

"Wamekutazama umekaa tangu ghala lifungwe. Hakupofuka mtu."

"Mama Rhoda, utani huo siutaki."

"Wala mimi sitanii. Kidonda changu kinataka kuachwa kijifunge. Chagua: ushike mwiko, au uje ushike jembe unichimbie kaburi. Vyote vina mpini."

Wilibrodi aliingia ndani, na asubuhi aliamka akaloweka ulezi.

Cornelia alikaa kwenye kigoda, mbali na moshi, akatawala. "Koroga mpaka chini! Huko chini ndiko kunakoungua." "Usiufunue huo ulezi kila saa, si mtoto mchanga huo!" Pipa la kwanza liliungua, likanuka kama paa la nyumba, wakawapa nguruwe, na nguruwe wakalala mchana kutwa kama wazee wa sikukuu. Pipa la pili lilikuwa chapwa. La tatu Cornelia alilinusa tu, akalinusa tena, akakosa la kusema. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Watu waliitwa. Wilibrodi akasimama mbele ya pipa, mikono ina masizi hadi kwenye viwiko.

"Jamani," Flavian akaita, "leo mpishi ana ndevu!"

Kicheko kikapasuka. Wilibrodi akachota, akanywa, kitako kikaonekana.

"Anapumua?" Flavian akauliza.

"Anapumua," Limbu akasema, "tena anachota cha pili!"

"Cha pili si sheria, ni ulafi," Cornelia akasema. "Baba Rhoda, gawia watu."

Wakanywa. Flavian akasema ina uchachu kidogo. Cornelia akamwambia basi rudisha kikombe. Hakukirudisha.

Msimu ukapita hivyo, na Cornelia hakugusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Mavuno yalipoisha alirudi Mbeya kumezeshwa mpira kwa mara nyingine. Obed alichungulia, akachungulia tena, mpaka Cornelia akaanza kutubu dhambi zake kimoyomoyo, kisha akamwambia pale palipokuwa na shimo sasa pana kovu dogo. Kidonda kimefunga.

Wilibrodi alimsubiri stendi. Alimpokea mfuko, wakatembea mpaka karibu na nyumbani.

"Wamesemaje?"

"Kimefunga."

"Mungu mkubwa." Akatembea hatua chache, akakohoa. "Kwa hiyo pipa unalirudia?"

Cornelia akamtazama. Sauti ya mumewe ilikuwa ya mtu anayeogopa kupunguzwa kazini mara ya pili.

"Nani kakwambia? Mafundi wangu nimeshawajua, siwachokozi tena. Kaloweke ulezi, Baba Rhoda, Jumamosi watu watakuja."