Mlango wa Kihaya kwenye Tovuti ya Kahawa

Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa kahawa pale Kamachumu alisema kurasa za Kihaya zifutwe kwenye tovuti, na alilisema hilo mbele ya mama yangu, aliyezitunga. Nilitamani kumtupia kompyuta.

"Takwimu zako mwenyewe zinaonyesha hakuna anayezifungua," aliniambia. "Kihaya ni cha kuongea, si cha kusoma. Tubaki na Kiswahili, na Kiingereza cha wanunuzi." Kamati ikatupa muda hadi mkutano unaofuata. Kama hali ingekuwa ileile, Kihaya kingeondoka.

Mimi ndiye niliyeijenga tovuti ile, nikiwa kwangu Kibeta, mjini Bukoba, ambako riziki yangu ni kutengenezea watu tovuti. Maneno ya Kihaya yalikuwa ya mama. Wikiendi kadhaa mfululizo nilikwenda kwake Ijumbi, nikakaa naye kibanjani, kwenye shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, yeye akipogoa mibuni na kunieleza kila anachofanya, mimi nikiandika. Nikimsomea nilichoandika, alikuwa ananikatiza kila mstari. Sijawahi kuwa na mhariri mkali kama yule.

Siku ile ya kikao mama hakujitetea. Alijifunga kitenge chake vizuri, tukatoka. Njiani akasema, "Basi zifute tu, mwanangu. Nisije nikakuharibia kazi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya mwenyekiti. Mama yangu ni mtu wa kubishana na padri kuhusu siku ya kuvuna, na hapo alikuwa ananiomba radhi kwa sababu ya Kihaya chake.

Tulipofika nyumbani nikamwomba simu yake nione mwenyewe tovuti inavyofunguka. Ikafunguka kwa Kiingereza. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nayo ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mwisho.

"Mama, mbona simu yako iko kwa Kiingereza?"

"Kwani simu si ndivyo zilivyo? Aliyeniuzia Bukoba ndivyo alivyonipa. Mimi natambua vile vialama, waitu," akasema, kwa lile neno letu la upole na heshima.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku kazi yangu mwenyewe. Niliijenga tovuti iwe na anwani moja tu, na ndani yake niliweka ujanja wa kuchungulia lugha ya simu ya msomaji ili imfungulie kurasa za lugha hiyo. Nilijivunia sana ujanja ule. Nikapita kwa shangazi na kwa majirani kuomba simu zao. Zote Kiingereza. Kisha nikafungua orodha ya lugha za simu nichague Kihaya. Nikaishusha hadi mwisho, nikaipandisha tena. Kihaya hakimo kabisa!

Mtaalamu mzima, Mhaya wa kuzaliwa, nilijenga nyumba ya Kihaya nikaweka kufuli ambalo halina ufunguo duniani. Kulikuwa na kitufe kidogo cha kubadilisha lugha chini kabisa ya ukurasa, lakini hata aliyekipata hakuweza kumpelekea mwingine. Akimtumia jirani anwani ile, jirani alifunguliwa Kiingereza. Kihaya hakikukosa wasomaji. Kilikosa anwani. Nilicheka peke yangu katikati ya migomba mpaka shangazi akauliza kama naumwa.

Kila lugha ilihitaji anwani yake. Swali likawa anwani ya namna gani. Ningeweza kuisajilia kila lugha jina lake la tovuti, zikawa tovuti tatu zisizojuana, kila moja ianze upya kutafuta wageni. Ningeweza kuitanguliza lugha mbele ya jina la chama. Au ningeliacha jina la chama mbele, nikaweka ule mstari ulioinama tunaouita mkwaju, halafu lugha.

Nilijua vitabu vya kazi yangu vinasemaje, lakini vitabu havijui matangazo ya Jumapili. Kwetu jambo halijatangazwa mpaka katekista alisome baada ya Misa, watu wakiwa wamesimama tayari kutoka. Anwani isiyoweza kubebwa kwa mdomo kutoka kanisani hadi nyumbani haina kazi. Kwa hiyo nikaanza kupima kwa mdomo. Nikamtajia mama anwani yenye lugha mbele, nikamtuma akamwambie shangazi. Lugha ikapotea kabla hajavuka uzio, likafika jina la chama peke yake. Nikamtajia ile ya mwisho, jina la chama, mkwaju, Kihaya. Ikafika nzima.

"Hiyo ndiyo," mama akasema. "Mtu akimwelekeza mgeni, anataja kwanza kibanja cha nani, ndipo anasema nyumba ipi humo ndani. Kuna anayeanza na nyumba?"

Sikuhitaji kitabu kingine. Kibanja kimoja, nyumba tatu. Nikaandika majina ya lugha kwa ukamilifu badala ya vile vifupisho vya herufi mbili au tatu, maana katekista angevisoma vipi? Ule ujanja wa kuchungulia simu nikaung'oa na mizizi yake. Ukurasa wa mbele ukabaki na majina matatu ya lugha, makubwa, yamesimama pamoja, mgeni achague mwenyewe. Anwani ile ya zamani ikabaki kufungua ukurasa huo wa mbele, ili asipotee mtu.

Jumapili katekista akasoma, akarudia mara mbili, akatamka "mkwaju" kana kwamba limo kwenye Biblia. Nilikuwa nimeketi karibu na mama. Simu zilianza kutoka mifukoni hata kabla watu hawajafika mlangoni.

Wiki ile ujumbe ulimiminika, na hakuna hata mmoja uliosema asante. Wahaya tukipewa maandishi tunayasahihisha. Huyu alisema nyasi zilizotajwa za kutandaza chini ya mibuni si nzuri, yule alisema kwao hawapogoi hivyo, mwingine alitaka kujua aliyeandika amesomea wapi. Nilimsomea mama matusi yote yale ya kistaarabu, akawa anang'aa.

Mkutano ukafika. Mwenyekiti akasimama na simu mkononi, amekunja uso. "Kuna kosa kwenye ile tovuti," akasema. "Mmeandika nyasi ziachwe kiganja kimoja kutoka kwenye shina la mbuni. Kiganja kimoja ni karibu mno, mchwa watapanda! Baba yangu alikuwa anaacha viwili."

Maelezo ya kutandaza nyasi yalikuwa kwenye ukurasa wa Kihaya peke yake. Sikuwa nimeyaandika kwa lugha nyingine yoyote. Nilijua hivyo mimi, na mama alijua.

Mama akasimama polepole, akamwamkia kwa heshima zote.

"Mwenyekiti waitu," akasema, "kumbe umesoma."

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Mwenyekiti naye akacheka, sitamnyima haki yake. Hakuna aliyetaja tena kufuta. Badala yake akaniagiza niyaweke maelezo yale kwa Kiswahili na Kiingereza pia, upesi, maana ni ya muhimu. Nikamjibu nitafanya hivyo kwa furaha, ila maneno ni ya mama, inabidi aombwe ruhusa.

Wote wakamgeukia. Mama akajifunga kitenge chake vizuri, akasema atafikiria.