Mkono wa Bibi Kiunoni

Kornelia hajawahi kukosea kipimo, na ukitaka kugombana naye mwambie amekosea. Ni fundi cherehani sokoni Mbulu, mwaka wa thelathini huu, na kwa miaka minne ameshikwa na wazimu wa sketi za ngozi zenye shanga, zile walizoshona bibi zetu wakikaribia kuolewa. Anatafuta picha zilizopigwa na mapadre wa zamani, anazikuza kwenye simu, anahesabu shanga mstari kwa mstari na kuandika kwenye daftari. Sketi zenyewe zimebaki chache mno. Moja iko Gendabi, kwa wifi yake Evaline, mjane wa kaka yake Onesphory.

Hapo ndipo penye moto. Kornelia ana picha ya bibi yake mzaa baba, amesimama mbele ya kanisa na sketi hiyo hiyo, mkono mmoja kiunoni. Basi kwenye msiba wa Onesphory, watu wakiwa bado wanakula, alisimama akamwita Evaline mwizi wa mali ya ukoo. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Kornelia anamchukia mwanamke yule, na hafichi.

Mwezi wa saba akaenda kuichukua. Alibeba picha, futi yake na begi tupu, akamwomba baba yake mdogo, mzee Akonaay, awe shahidi. Evaline, mdogo wake kwa miaka saba, hakumpa shikamoo. Alimwamkia mzee peke yake, akatoa sketi sandukuni na kuitandaza mezani.

"Leo naondoka nayo," Kornelia akasema.

"Pima kwanza, wifi. Si wewe fundi?"

Kornelia hakuwahi kuiona imetandazwa. Kwenye kingo mbili zinazokutana ubavuni na kufungwa kamba, kila ukingo ulikuwa na nusu duara ya shanga nyekundu. Ukizikutanisha unapata duara zima. Akaiinua picha amwonyeshe mzee duara hilo.

Halikuwepo. Nusu moja ilikuwa upande huu wa mkono wa bibi, nusu nyingine upande ule, na katikati pengo la kiganja kizima. Chini ya vidole kilichungulia kitambaa cheupe kilichounga kamba. Daftarini alikuwa amekiandika kuwa ni pambo. Na mkono ule aliousifia kwa kila mteja, eti mkono wa mwanamke mwenye maringo yake, ulikuwa unaficha sketi isiyomtosha.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Labda alikuwa amenenepa," akasema.

"Geuza picha, usome mwandiko wako wa nyuma, mimi nauona kutoka hapa," Evaline akamjibu.

Mzee Akonaay ndiye aliyeigeuza. Akasoma kwa sauti, taratibu: Bibi, wiki ya harusi.

Hakuna msichana aliyejishonea sketi ya kuolewa ikampwaya au kumbana wiki ile ile. Kornelia alilijua hilo kuliko wote mle ndani. Aliirudisha futi mfukoni.

"Walikuwa majirani," Evaline akasema. "Padre alipokuja na kamera, bibi yako alikwenda kwa bibi yangu kuomba sketi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa haijakwisha kushonwa. Alipigwa picha, akairudisha siku hiyo hiyo, akashukuru."

Akaikunja sketi, akaitia sandukuni.

"Yeye aliomba. Wewe umekuja na begi."