Wifi Yangu Alivyofeli Uzima

Nilikwenda Kasulu kwa sababu mama mkwe alitaka kujua nimekosa nini. Nina endometriosisi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeniota nje ya mfuko, na kila mwezi hunilaza chini. Mama aliamini niliharibu mimba ujanani. Aliposikia kuna watafiti wanaotafuta chanzo cha ugonjwa huu, akamtuma wifi yangu Yustina anisindikize, akisikie hicho chanzo kwa masikio yake. Kama kosa ni langu, mume wangu aoe mwingine.

Kibondo, asubuhi. Salamu zilituchelewesha stendi. Kwetu Waha husemi "mwakeye" ukapita. Unashikwa mikono, unaulizwa habari za watu, za mifugo na za migomba, na ukiulizwa unakwenda wapi unasema. Gari linaondoka, abiria wote walishalijua tumbo langu, na kila mmoja alikuwa na chanzo chake. Dereva alisema ni soda. Muuza maharage mmoja wa kijiji cha Kitanga akasema ni kukalia saruji. Yustina alisema ni kudeka tu. Yeye amezaa wanne na tumbo la mwezi halijui.

Nyakitonto, kizuizi cha uhamiaji. Ofisa aliomba vitambulisho, Yustina akampa na habari za tumbo. Yule bwana akanishauri nizae, maana dada yake alizaa akapona. Nikamjibu kwamba hilo nimelijaribu miaka yote ya ndoa, kama ana ushauri mwingine alete. Gari zima likacheka. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli.

Kasulu, mchana. Daktari wa utafiti, dada aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, alinitoa damu na kunihoji. Kisha akamgeukia Yustina: walihitaji pia wanawake wasio na ugonjwa, wa kulinganisha. Wifi akajifunga kitenge vizuri, akakaa kitini kama bibi harusi.

Je, hupata maumivu? Hapana. Siku zile hufanya nini? Hulala sakafuni. Kwa nini sakafuni? Kitandani atabingirika aanguke. Hutapika? Kidogo, kwenye ndoo. Halafu hung'ata kitenge, watoto wasisikie.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kumweka kundi la wazima, apimwe kwanza.

"Lakini hayo si maumivu," Yustina alisema. "Ni ya kawaida. Hata mama alikuwa na kitenge chake cha kung'ata."

Nilicheka mpaka tumbo likaniadhibu. Kisha nikauliza lile lililonileta: chanzo ni nini?

"Bado hatujakijua," daktari alisema. "Ila hukujiletea."

Nikalia pale pale. Tangu Kibondo, huyu ndiye mtu wa kwanza asiyejua, na ndiye niliyemwamini.

Jioni, kurudi. Nyakitonto ofisa yule yule aliuliza kama chanzo kimepatikana. Wifi akamwambia atulie, waliosomea bado wanatafuta.

Kibondo, nyumbani. Mama alitungoja uani. Tukasalimiana salamu zote, hadi za mbuzi, ndipo akauliza.

"Hawajakijua, mama," Yustina alisema. "Na mimi wanataka kunipima. Na wewe wanakuita, uende na habari za kile kitenge."

Habari ya mke mwingine haikutajwa tena. Mama aliuliza tu gari la Kasulu huondoka saa ngapi.