Kombe ambalo halijazungushwa sokoni

Saa kumi na moja alfajiri, Eulalie Cibalonza anachota donge la unga na kulidondosha ndani ya mafuta ya moto. Beignet za kwanza zinaelea, zinajigeuza zenyewe. Soko la Kadutu linaamka: wabeba magunia wanapanda mteremko, pikipiki zinanguruma nyuma yao.

Saa hii huja Virginie Mapendo, muuza sombe, majani ya muhogo, kutoka Kasha, na kila asubuhi utani wake ni uleule.

"Maman Eulalie, unipatie nusu beignet. Champion wa nusu saison anauzishaka nusu."

Eulalie humpa nzima. "Kula, maman. Hata wa pili anasikiaka njaa."

Leo Virginie haombi kitu. Anatua furushi lake la sombe na kuulizia kombe: "Coupe iko wapi?"

Mwiko wa Eulalie unabaki hewani.

Eulalie, mama wa watoto wanne, ni golikipa wa Simama Kadutu, mojawapo ya timu za wanawake wauzaji. Mwaka jana mzunguko wa kwanza wa ligi yao ulipoisha, Simama waliongoza kwa pointi moja mbele ya Umoja Kasha, timu ambayo Virginie ni nahodha wake. Kisha vita vikakaribia mji. Mzunguko wa pili, wa mechi za marudiano, haukuchezwa, msimu ukabaki nusu, na baadaye kamati ikawakabidhi Simama kombe.

"Nilifurahi siku moja tu," anasimulia. "Kesho yake watu wakaanza: match retour iko wapi? Na mimi nikajiuliza, tulishinda ao tulipewa?"

Bei ya unga imepanda, na beignet yake ya faranga mia mbili imepungua unene. Wateja humtania kwamba siku hizi anauza shanga. "Ile ninachekaka," anasema. "Ya coupe ndiyo inaniumiza."

Inamuuma kwa sababu wauzaji wana desturi yao. Bingwa huzungusha kombe meza kwa meza, kila muuzaji akitia kidogo cha bidhaa yake: maharagwe, samaki wadogo wa sambaza, chumvi. Kisha timu zote hupika na kula pamoja, na hapo saison, yaani msimu, hufungwa. Lakini wa kwanza kutia ni nahodha wa timu ya pili, na Virginie hajawahi kutia. Kombe limekaa chini ya meza ya Eulalie, ndani ya ndoo iliyotoboka, limefunikwa kitenge.

Sasa Eulalie analitoa, analipangusa unga kwa kiwiko. Wauzaji wa jirani wanasogea, shingo mbele.

"Jana tumepata kiwanja," Virginie anasema. "Siku ya Mungu, misa ikiisha, tunacheza retour."

Eulalie anapiga kigelegele mpaka beignet zinaanza kuungua. Halafu anaziopoa haraka.

"Mukitupiga, mubebe coupe. Sitaki kitu ya kupewa."

"Coupe ni yenu!" Virginie anachukua konzi ya sombe. "Mulitupiga moja-zéro. Penalty yangu uliizuia na mguu, na ule mguu wako munene, bado ninauonaka!"

Watu wanaangua kicheko. Eulalie hacheki.

"Sasa mbona ulikuwa unakataa kutia?"

Virginie anainamisha macho, kisha anaiachia sombe, inashuka ndani ya kombe.

"Niliogopa, maman. Nilisema, nikitia, saison imeisha. Na mimi nilikuwa nataka tucheze tena."