Mlango wa Uani Uliozibwa

Makumbi yaliyofukuliwa pwani yananuka, na anayekwambia hayanuki hakuzaliwa Shumba. Ni yale maganda ya nazi yanayofukiwa kwenye tope mpaka yaoze, kisha wanawake wanayafukua, wanayaponda, wanasokota nyuzi zake kamba. Mikono ya mama yangu ilinuka hivyo mwaka mzima ule, hata kwenye wali aliokupakulia ungeisikia, na mimi mpaka leo harufu ile naipenda kuliko udi. Kamba zile zilikuwa za nyumba. Tangu baba afariki tulikaa chumba cha kuazimwa, na mwenyewe alikwisha sema masika yakianza atakitaka. Mama akakata shauri ajenge. Boriti za mikoko, makuti ya minazi yetu, udongo wa hapo hapo kiamboni. Msumari haukuingia hata mmoja.

Paa likaezekwa. Kilichobaki ni kufunga fito za ukuta na kukandika udongo, na hiyo si kazi ya mtu peke yake. Unaita watu, unapika, wanakuja. Lakini zilikuwa zama za siasa, na zama zile, nakwambieni kweli, tuligeuka wajinga. Mtu wa chama hiki hakununua samaki kwa mtu wa chama kile. Jirani yetu Makame na Hamadi, aliyemwoa dada yake Makame, walipishana njiani kama hawajuani. Watu wakamshauri mama aite upande mmoja tu. Akasema nyumba yake ina pande nne, akaita wote.

Wakaja wote, wasisemezane. Kundi la Makame likaanza pembe ya kulia, la Hamadi ya kushoto, wote wakielekea nyuma. Kufunga fito, mmoja hukaa ndani na mwenziwe nje, wanapokezana ncha ya kamba kama wanaosuka nywele. Sisi watoto tulikanyaga udongo mpaka magotini, tukiimba, maana siasa haikutuhusu. Wale wakashindana hasa. Wakafunga, wakajaza mawe na udongo, wakapaka, na adhuhuri haijaadhiniwa.

Mama akatoka jikoni uani na sufuria la wali na pweza, aingie kwa nyuma kupakua. Akasimama mbele ya ukuta mbichi. Mlango wa uani haupo. Na kwetu nyumba bila mlango wa uani si nyumba. Wanawake wapite barazani mbele ya wanaume?

"Jamani," akasema, "mimi na sufuria langu tupite wapi?"

Makame akatazama udongo mikononi mwake. "Nilidhani nafasi mmeiacha nyinyi," akamwambia Hamadi, na ndiyo kauli yake ya kwanza kwake tangu Idi.

"Nami nilidhani nyinyi. Si ungeuliza, shemegi."

"Na wewe si ungeuliza."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Akatua sufuria, akakaa kando yake, akasema hapakuliwi mtu mpaka yeye apite. Makame akaingia ndani, Hamadi akabaki nje, wakabomoa udongo, wakafungua mafundo, huyu akisukuma ncha na yule akivuta. Hamadi akasema mafundo ya shemegi yake hata mbuzi angeyafungua. Mlango ukatoka mwembamba, umepinda. Sisemi walipatana, siasa ilikuja kuwa mbaya zaidi ya hapo. Ila mvua ilipoanguka tulikuwa ndani ya kwetu.

Leo mwanangu amejenga ya matofali na mabati hapo kando, nzuri, ina umeme, na joto la kaskazi likikaza mchana anakuja kulala kwangu. Ile ya mama naikaa bado. Makuti nabadilisha, ukuta ukimeguka naita watu, udongo uko pale pale. Safari hii walikuja wajukuu wa Hamadi, ambao kwa bibi yao ni damu ya Makame pia, wakifanya makelele ungedhani harusi. Mmoja wao, fundi, akautazama mlango wa uani akaniambia, "Bibi, huu umepinda, tuunyooshe."

Nikamwambia apake udongo tu. Sufuria linapita.