Ibara ya Tisa ya Baraza la Bao

Kwa siku nne nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: je, nimempofusha babu yangu kwa kalamu?

Nilikuwa nimerudi Kilwa Kivinje na shahada ya sayansi ya siasa, nikisubiri kuitwa kwenye usaili wowote, popote. Kila siku baada ya sala ya alasiri wazee wa mtaa walikusanyika kwenye baraza la nyumba yetu, lile benchi refu la saruji lililoshikana na ukuta wa mbele, kucheza bao. Mimi nilikaa ndani, karibu na dirisha, maana pale barazani wanawake hatukai. Nilijifanya nasoma, kumbe nasikiliza. Wawili wanacheza, kumi wanapiga kelele.

"Fundi, hizo kete tano hapo kichwani unazifuga?"

"Mwache, anangoja zitage!"

Kichwani ni shimo la mwisho la mstari wa mbele. Fundi ni fundi cherehani, mpinzani mkubwa wa babu, mtu anayeshona suruali za watu kwa utulivu lakini akishika kete huwaka kama kiberiti.

Msimu wa kampeni ulipofika, kelele zikaingia siasa. Siku moja fundi alikaribia kushinda, mtu mmoja nyuma yake akasema chama cha fundi kinacheza kama fundi mwenyewe: kinakula mapema, kinashiba, kinasinzia. Fundi akapindua bao. Kete zikamwagika, moja ikaingia mtaroni, ikatafutwa mpaka magharibi.

Kesho yake mwalimu mstaafu, ambaye huwa mwamuzi wao, alikuja dirishani kwangu na daftari.

"Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Tuandikie katiba."

Tangu nihitimu hakuna aliyewahi kuniomba kitu chochote kinachohusu shahada yangu. Nikaandika ibara ishirini na mbili. Niliyojivunia zaidi ilikuwa ya tisa: mtazamaji asitamke neno lolote mchezo ukiendelea, atakayekiuka atakaa nje ya baraza siku saba, na siku zote hizo atawakaangia, atawatwangia na kuwapikia wanachama kahawa. Wakaipitisha kwa kunyoosha mikono, wakaisomea Fatiha, mwalimu akaitundika ukutani ndani ya mfuko wa nailoni isiloane.

Nilidhani wataizoea kidogo, kisha wataipuuza, kama watu wanavyofanya na sheria nyingi. Sikuwajua wazee wangu. Waliitii. Kwa kuwa iliandikwa na msomi wao, waliitii hadi ikatisha. Watu kumi na wawili waliketi kimya kuanzia alasiri hadi magharibi, wakikodoa macho, wengine wameziba midomo kwa viganja. Mmoja alipiga chafya, mwalimu akafungua daftari, akafikiri, akalifunga.

Siku ya tatu jirani yetu alipita akitoka sokoni, akawaona, akashusha kikapu.

"Jamani, poleni. Kafa nani?"

Mchezo ulikuwa unaendelea, kwa hiyo hakuna mtazamaji aliyeweza kumjibu, na wachezaji walikuwa wameinamia bao. Mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni, akimaanisha kwamba haruhusiwi kusema. Jirani akatikisa chake, akaondoka. Nusu saa baadaye wanawake saba waliingia uani na mikeka, sufuria kubwa na mchele, wakamkuta bibi anachambua mboga. Bibi akaangua kilio kwanza, ndipo akauliza anayeliliwa ni nani.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilicheka siku hiyo tu, maana wiki hiyo hiyo babu alianza kufungwa. Babu hafungwi na fundi. Sasa alifungwa mara sita mfululizo, na baada ya ya sita alisema goti linamsumbua, akahamia ndani, akakaa na redio. Nje waliendelea bila yeye. Ndani alikaa ameelekea ukutani, kidole kikitembea juu ya paja kana kwamba anagawa kete.

Nilimuuliza bibi goti lipi.

"Mke mwenzangu," akasema, maana kwa utani wetu mimi na yeye tunachangia mume, "umesoma miaka mitatu hukuliona hili? Babu yako haoni."

"Haoni vipi?"

"Mtoto wa jicho, yote mawili, tangu mwaka juzi. Kete zake anazijua kwa vidole. Za mwenzake anazisikia."

"Anazisikia?"

"Zile kelele unazozicheka dirishani. Wewe unadhani wanamtania fundi?"

Nikakaa chini pale pale jikoni, juu ya kifuu. Wote walijua. Miaka miwili wale wazee walikuwa wanamsomea babu bao kwa matusi ya fundi, naye fundi alijua na alitukanika kwa hiari, na hakuna aliyewahi kusema hata mara moja kwamba babu haoni, ndiyo maana hata Ibara ya Tisa hakuna aliyeweza kuipinga. Babu mwenyewe hakujua kama wanajua, au alijua, sina hakika. Chuoni tulijadili uhuru wa kusema mihula miwili, tukanywa na soda. Halafu nikaja nyumbani nikaufuta kwa sentensi moja yenye nukta mkato.

Ndipo usingizi ukaniruka. Njia ya kwanza niliyofikiria ilikuwa kurekebisha katiba. Lakini Ibara ya Kumi na Saba, niliyoiandika mwenyewe, ilitaka kila rekebisho liambatane na sababu zake kwa maandishi, yasomwe hadharani. Sababu ilikuwa macho ya babu. Nikaandika rasimu nne za sababu zisizotaja macho, na zote zilisomeka kama mtu anayeficha macho. Isitoshe, rekebisho lilihitaji theluthi mbili ya wanachama. Tulipoorodhesha wanachama hakuna aliyekubali majina ya marehemu yafutwe, kwamba si adabu. Orodha ilikuwa na watu ishirini na mmoja, tisa kati yao wako makaburini. Hata walio hai wakija wote, hawafiki kumi na wanne.

Nikafikiria kuichoma. Nikafikiria kumwambia mwalimu faragha, nikaona nitakuwa nimemlazimisha kujua rasmi anachokijua kwa heshima. Nikafikiria mpaka kuomba kazi Lindi mjini ili nisione. Siku ya tano nilimkuta babu amezima redio bila sababu.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mke wangu. Nani kafa tena?"

"Hakuna. Leo utacheza."

"Nicheze na nani, na ukuta huu? Goti linauma."

"Na fundi. Mimi nitakuwepo."

"Dirishani?"

"Nyuma yako."

Akageuka kutoka ukutani. Kisha akanyoosha mkono kutafuta kofia yake, nikaisogeza mezani ikamfikia kidoleni.

Alipotokeza mlangoni wazee walisogea kumpisha. Fundi akapangusa bao kwa mkono, ingawa lilikuwa safi. Mimi nikatoka nyuma ya babu na kusimama barazani, jambo ambalo halikuwa kwenye ibara yoyote kwa sababu halikuwahi kuhitaji kuandikwa. Wakanitazama. Hawakuweza kuniuliza kitu, mchezo ulikuwa umeshaanza.

Babu alishika kete hewani. Vidole vyake vilipita juu ya mashimo yake, vikarudi, vikapita tena. Fundi alikuwa amelimbikiza kete saba kichwani, upande wa kulia wa babu, alikoketi mwenye duka, na babu hakuwa na habari. Mkono wake ukaanza kwenda kushoto. Moyo ulinidunda hadi nikahisi wataniadhibu kwa sauti ya moyo.

"Fundi!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. "Hizo saba hapo kichwani, upande wa mwenye duka, unazifuga au umezisahau?"

Mkono wa babu ukasimama. Ukarudi kulia. Akatia kete, akala zote saba, akazigawa shimo kwa shimo bila haraka.

Mwalimu alifungua daftari. Alivaa miwani, akangoja babu amalize, kisha akasimama.

"Kwa mujibu wa Ibara ya Tisa," akasema, "mtazamaji ametamka maneno. Una la kujitetea?"

"Sina."

"Siku saba. Na kahawa."

"Sawa, mwalimu."

"Unaahidi kutorudia?"

Fundi alikuwa ameinamia bao, mabega yanamtikisika, sikujua kwa hasira au kicheko. Babu alikuwa na kete nyingine mkononi, ameinua uso kidogo, sikio limeelekea kwangu.

"Na hizo tatu za katikati, fundi," nikasema, "mbona umezivalisha kanzu, kuna harusi?"

Mwalimu akaandika siku kumi na nne. Nikaingia ndani kutafuta kikaango, mlango nikauacha wazi.