Fangasi Waliopanda Kichwani

Kwetu Runzewe fangasi ni ugonjwa wa kuchekwa. Ni wa vidoleni, wa watu wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira, na kaka yangu, fundi wa pampu ya maji kwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, alikuwa nao wa kutosha kugawia wilaya nzima. Kwa hiyo daktari mjini Geita alipotuambia kwamba maumivu yale ya kichwa, yaliyomlaza kaka shingo imekakamaa, huenda ni ya fangasi, mimi nilicheka. Shemeji hakucheka. Alikwenda dukani, akarudi na tyubu ya dawa ya miguu, akampaka mumewe utosini mpaka akang'aa kama sufuria mpya.

"Mama watoto, unanikaanga?" kaka aliuliza, macho ameyafumba.

"Nyamaza. Wamepanda kutoka miguuni, tutawateremsha."

Muuguzi alipotukuta alicheka mpaka akashika kitanda. Kisha akaketi, akatueleza taratibu. Fangasi hawa si wale wa vidoleni. Wanaruka na vumbi, watu wengi tunawavuta, na mapafuni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huwameza bila sisi kujua. Lakini wamevaa koti la utelezi. Askari akiwa peke yake, fangasi humponyoka kama kambare. Lazima wawepo makamanda wa kumpa nguvu.

"Na makamanda wakipungua…" akanitazama mimi, kisha akamtazama kaka.

"Mwambie tu, ni mdogo wangu," kaka alisema. "Nina virusi vya UKIMWI. Dawa niliziacha nilipoingia machimboni, nisionekane nikizimeza."

Shemeji alijua. Mimi ndiyo kwanza nasikia. Nilimshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu, na sikuuachia.

Ikabaki sindano ya mgongoni, ya kuchukua maji ya uti wa mgongo yapimwe. Kaka akakataa katakata. Machimboni kila mtu anajua kwamba ukichomwa mgongo hutembei tena. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyejibu swali la chembe nyeupe kwa kurasa tatu na bado nikalikosa, nilimhutubia kwa sauti ya kusikika Chato. Akafumba macho.

"Baba, sindano hii haipoozeshi," muuguzi akasema. "Maji yamekubana kichwani. Tukiyapunguza, hata maumivu yatapungua."

Kaka akafungua jicho moja. "Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Duara likijaa maji watu hawahutubii, wanavuta! Leteni pampu."

Wakayavuta, na fangasi wakaonekana humo. Kichwa kilipopoa kidogo, kaka akaanza kudai dawa zake za virusi siku hiyohiyo. "Rudisheni makamanda!"

"Bado," muuguzi akamwambia. Kwanza fangasi wapunguzwe kwa dawa. Askari wakirudi kwa hasira na adui bado amejaa, vita vitapiganwa kichwani mwake, na ubongo unaweza kuvimba. Kungoja kule kulitukondesha sote. Mimi nilibaki mifupa na miwani.

Siku aliporuhusiwa kuanza, alitoka hadi kwenye benchi la nje, wagonjwa wote wakimwona, akameza kidonge, akafungua mdomo kama kiboko ili tuhakikishe.

Shemeji alichungulia, akaridhika. Akachuchumaa, akamvua kandambili.

"Sasa lete miguu," akasema. "Tyubu haijaisha."